Mtungi wa Pumba

Chizuru Hamasaki alianza kuondoa vitu nyumbani kwa sababu ya hofu, wala si kwa kufuata mtindo. Mama yake, Tomie, alijikwaa kwenye rundo la magazeti ya zamani karibu na mlango wa choo, akaanguka, akavunjika nyonga. Daktari wa mifupa katika mji wao wa Kokura alimtazama Chizuru kama hakimu anavyomtazama mshitakiwa.

"Nyumba zilizojaa vitu ndizo zinazotuletea wazee," alisema. "Ukimrudisha katika nyumba ileile, na sisi utaturudishia mgonjwa yuleyule."

Wiki hiyo Chizuru alikwenda kwenye ukumbi wa kata kumsikiliza mwanamke mmoja aliyefundisha watu kuishi na vitu vichache. Shika kila kitu mkononi, alisema yule mwanamke. Kiulize kama bado kina kazi. Kama hakina, kishukuru, kiage. Chizuru alikuwa mpishi wa shule, mjane asiye na mtoto, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa amepita kwa ubavu katikati ya mali za watu wengine. Alirudi nyumbani akaanza kuaga.

Aliyaaga magazeti. Akaziaga suti za marehemu baba yake, mataulo waliyopewa kama zawadi misibani yaliyokuwa bado ndani ya maboksi, vikasha vitupu vya tofu, jibini ya soya, ambavyo mama yake alivisafisha na kuvipanga kama hazina, na sahani za wageni ambao walikwisha kufa. Kabati la kimono likaenda pamoja na kimono zenyewe kwenye duka la vitu vilivyotumika, karibu na soko la Tanga, palepale Kokura. Kila alipotoa kitu, nyumba ilivuta pumzi. Mwanga wa asubuhi, ambao zamani uliishia dirishani, sasa ulivuka mkeka wote ukagonga ukuta wa pili. Chizuru alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mume wake afariki. Katika chumba cha mama yake aliacha kitanda chenye vishikio na taa moja, basi. Akasimama mlangoni akitabasamu, akiwaza, "Hapa hatajikwaa tena."

Siku ya taka za jikoni alifika kwenye mtungi.

Ulikuwa chini ya sinki, umefunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na pumba za mchele zilizokandwa kwa chumvi na maji, zikachachuka, zikawa kama udongo wa mfinyanzi. Humo Tomie alizika matango, biringanya na figili jioni, akazifukua asubuhi zikiwa achari. Mama mkwe wake ndiye aliyemrithisha, naye alirithishwa na mama mkwe wake. Pumba hizo hukorogwa kila siku kwa mkono mtupu, kwa maana bila mkono wa mtu zinaoza. Lakini tangu Tomie alazwe, hakuna aliyezikoroga. Chizuru alipofunua kitambaa alikuta utando mweupe umetanda juu, na harufu ikampiga usoni. Akaziba pua. Akazimimina zote kwenye mfuko wa taka wa manispaa, akaufunga, akautoa nje kabla kunguru hawajaamka.

Katika Kokura hakuna bibi asiyejua kwamba ule utando mweupe hukwanguliwa tu. Chini yake pumba zinakuwa bado hai. Chizuru naye aliwahi kuambiwa, utotoni, lakini siku ile hakukumbuka.

Tomie alihamishiwa kwenye makao ya wazee ili ajifunze kutembea tena. Siku za mwanzo alikula. Kisha akawa anasukuma bakuli kwa kidole.

"Uji wao hauna kitoweo," alilalamika. "Niletee tango langu, hata kipande. Pumba unazikoroga?"

"Nazikoroga, Mama."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi."

Tomie akamwambia, "Lete mkono." Akaushika mkono wa bintiye, akaupeleka puani, akaunusa polepole kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo. Mkono uliokoroga pumba haupotezi harufu yake hata ukioshwa. Wa Chizuru ulinukia sabuni ya jikoni ya shule. Mzee aliurudisha ule mkono juu ya shuka kama mtu anayerudisha kitu dukani, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo hakula. Aligusa maji na chai, akafumba midomo kwa vingine vyote. Mlezi wa zamu, kijana mpole aliyeitwa Nagano, alimvuta Chizuru pembeni. "Dada, uzito unashuka. Daktari anazungumzia mpira wa kumlishia tumboni. Kama kuna chakula chochote anachokipenda, kilete. Chumvi tutaifumbia macho."

Chizuru alitoka pale akitembea upesi, kisha akajikuta anakimbia.

Kwanza alikwenda kwa jirani, Bi Ogata, kwa kuwa Tomie aliwahi kumgawia pumba zake. Watu hugawiana hivyo: bakuli moja la pumba za zamani likichanganywa na pumba mpya, mtungi mpya unakuwa ndugu wa ule wa kale.

"Hodi!"

"Karibu," aliitikia Bi Ogata kutoka ndani. "Ila angalia, mwanangu, usije ukanitia na mimi kwenye mfuko."

Chizuru hakuweza kucheka. Alieleza haja yake akiwa bado amesimama. Bi Ogata alimsikiliza, mzaha ukamtoka usoni.

"Umezimwaga? Za Tomie?"

"Zilikuwa zimeota ukungu, Bi."

"Hata mimi nina ukungu, mbona hujanimwaga?" Kisha akashusha pumzi. "Zangu zilikufa mwaka juzi, nilipolazwa kwa ajili ya macho. Mume wangu aliambiwa akoroge, akawa anazipungia mkono akipita. Sina, mwanangu. Sasa hivi nanunua achari za duka kama mtoto wa mjini." Akamtazama. "Masae je? Si alipewa fungu lake alipoolewa?"

Chizuru alijua tangu mwanzo kwamba angefikia hapo, na ndiyo sababu alianzia kwa jirani.

Masae alikuwa dada yake mkubwa, ameolewa mji wa Moji. Walikuwa hawasemeshani tangu alipopata habari kwamba kimono za mama yao zimeuzwa bila yeye kuulizwa. Katika treni Chizuru alipanga maneno ya kuomba radhi, akayapangua, akayapanga tena. Alipofunguliwa mlango yote yalimpotea. Alipiga magoti palepale panapovuliwa viatu.

"Inuka," alisema Masae. "Majirani watadhani mimi ni mkopeshaji."

"Dada, Mama hali."

"Najua. Makao yalinipigia simu. Wewe hukunipigia." Masae alikunja mikono. "Ile kimono ya bluu nilivaa siku ya kuposwa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaiaga? Ndivyo mnavyofanya, sivyo? Mnashukuru kitu, halafu mnakitupa. Ni nani mwingine ulimshukuru, Chizu?"

"Nimemwaga na pumba, Dada. Anataka tango lake, na mimi sina."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya birika ikipanda, na hakuna aliyekwenda kuzima moto. Mwishowe ilipoanza kupiga mluzi, Masae aliingia ndani. Alirudi na tango lililofukuliwa sasa hivi, bado lina pumba, limefungwa kwenye karatasi.

"Sikupi wewe," alisema. "Nampa Mama. Twende."

Walikaa viti viwili mbalimbali njia nzima.

Nagano alilikata tango vipande vyembamba kama karatasi, akaviweka juu ya uji. Tomie alifumbua macho kabla kijiko hakijamfikia, harufu ilikuwa imetangulia. Alifungua mdomo. Alitafuna kwa upande mmoja, taratibu, na ile sauti ya tango ikasikika chumba kizima.

"La Masae," alisema. "Bado ana mkono mzito wa chumvi."

Masae aligeuka dirishani akajifuta uso kwa kiganja. Mzee alikula kijiko, na kingine, mpaka bakuli likawa nusu. Chizuru aliviangalia vile vijiko kama mtu anayetazama kamba ikishuka kisimani. Akadhani wameokoka.

Kisha Tomie akauliza, "Na zangu ziko wapi?"

Chizuru alisogea karibu na kitanda.

"Nilizitupa, Mama. Niliona zimeoza. Nilikuwa nataka nyumba iwe safi ukirudi. Nimekutengenezea chumba, hakuna kitu hata kimoja cha kukukwaza, mwanga unaingia mpaka..."

"Hakuna kitu hata kimoja," alirudia Tomie. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira, Chizuru angejua mahali pa kuishika. "Redio yangu?"

"Ilikuwa haifanyi kazi."

"Ilikuwa inafanya kazi ukiipiga kofi. Kimeza changu cha kushonea?"

"Nacho kilikwenda dukani, pamoja na kabati."

Tomie alitafuna kipande cha mwisho, akameza, akaomba maji. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza mboga, "Nikitoka hapa, nipelekeni kwa Masae."

"Mama, nyumba yako ni ile."

"Ile ni yako sasa. Umeitengeneza vizuri, kaa."

"Mama, nitaanza mtungi mwingine. Dada atanigawia. Nitakoroga kila siku, naapa."

"Koroga," alisema Tomie. "Utakula wewe."

Akafumba macho. Tangu jioni hiyo alikula, na wala hakuna aliyetaja tena mpira wa tumboni. Kila asubuhi Masae alileta achari kutoka Moji, na Chizuru alipokuja baada ya kazi alikuta bakuli tupu na mama yake amekwisha kulala, au anajifanya amelala. Alikuwa amelipata lile aliloliomba kwa magoti. Nyumbani alipita kutoka chumba hadi chumba bila kugusa chochote, kwa kuwa hapakuwa na cha kugusa, na kishindo cha nyayo zake kilimrudia kutoka kwenye kuta.

Siku moja Masae alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, karibu ya upole.

"Wanamruhusu Jumamosi. Chumba nimekwisha kukifagia. Niletee vitu vyake Ijumaa, ili akifika avikute."

"Vitu gani, Dada?"

"Vitu vyake, Chizu. Kikombe. Mto. Chochote ambacho akikiona atajua yuko kwake."

Ijumaa alitoka kazini mapema, akaenda kwenye lile duka karibu na soko. Mwenye duka alimkumbuka, akatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Vya kwako viliondoka siku nyingi, mama. Vitu vizuri havikai."

"Naomba niangalie tu."

"Angalia."

Aliingia katikati ya makabati, redio na birika za watu asiowajua. Nyuma kabisa alikuta kimeza kifupi cha kushonea, cha mti mwekundu zaidi kidogo kuliko alivyokumbuka, miguu yake minene zaidi kidogo. Alichuchumaa. Akaanza kupapasa pembe zake kwa kidole, moja baada ya nyingine, akitafuta alama za sindano za mama yake, huku mwenye duka akianza kushusha mlango wa chuma wa duka.