Mji Usiouliza Jina

Mwaka wa 2007 niliua watu wengi sana kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu, Nakuru. Utamu wake haukuwa bunduki, wacha watu waseme. Utamu ulikuwa ule mji mzima wa ndani ya gemu kuwa wazi: unaiba lori, unagonga polisi, unaendesha hadi barabara iishe. Ukipigwa risasi, ni kwa sababu umemwibia mtu gari, si kwa sababu ya kabila lako.

Jirani yetu, mzee wa kanisa, alikuwa akija mlangoni kutufokea kwamba skrini hiyo itatufanya wauaji.

Januari iliyofuata, baada ya uchaguzi kuzua vita vya kikabila, nikirudi nyumbani na unga mchana, nilikuta barabara imefungwa kwa mawe na tairi zinazowaka. Mtu alikuwa amelala hapo, kichwa kimepasuliwa. Aliyesimama juu yake na panga lenye damu alikuwa jirani yetu, ambaye hajawahi kushika pedi ya gemu maishani. Ananijua tangu nizaliwe, lakini alinyoosha mkono.

"Kitambulisho."

Akasoma jina langu lote, la baba pia, likamridhisha. Nikamruka yule mtu, nikapita.