Trakta Iliyokunywa Maji ya Mama Zetu

Mota ya trakta yetu ilipasuka mbele ya tribini ya wakubwa, siku ya defile, yale maandamano ya sikukuu, hapa Kalemie. Moshi mweupe ukapanda, kisha chuma kikalia mara moja, paa! Watu wakapiga makofi, wakizani ni mambo ya sherehe. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi. Nilijua imekufa.

Hata mwanzo tuliikuta imekufa tayari. Wakati Zaire iliponyanganya Wazungu mali, shamba la karibu na kijiji chetu lilipewa mukubwa mumoja. Akauza ngombe, akauza mabati, akaenda zake. Trakta akaiacha majanini, nyoka wanalala chini ya kiti.

Sisi tukaitoa. Pistoni zilishikwa na kutu. Tukamwaga mawese ya moto, tukangoja, tukamwaga tena. Muzee mumoja aliyefanya kazi kwa treni alikosa ngozi ya kuziba mota, nikamupa viatu vyangu vya ndoa. Bibi yangu, niliyemuoa na viatu hivyo, akauliza: "Sasa kwa misa utavaa trakta?"

Asubuhi tulipozungusha manivela, kile chuma cha kuwashia mota, ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikanguruma. Muzee akavua kofia. Tukaingiza trakta shambani, na nyuma yake udongo ulifunguka mweusi, ule ule uliomuinamisha mama yangu tangu sijazaliwa. Mama akaushika kwa mikono miwili, akaunusa.

Lakini radiateri, tanki la maji ya kupoza mota, ilivuja, hatukupata dawa yake. Basi mama zetu wakasimama mwisho wa kila mustari na beseni la maji kichwani, wakiitania kama bwana-arusi: "Kunywa, Papa, kunywa! Bibi anangoja!"

Komisere wa zoni, mukubwa wa serikali kwetu, akasikia, akaitaka kwa defile. Muzee akamwambia, kwa jina la heshima la wakati ule: "Sitwayen Komisere, hii haitembei bila mama wenye maji."

"Mama na mabeseni mbele ya wageni wangu? Unataka kunichafulia sherehe?"

Mama zetu walikuja hata hivyo. Askari wakawazuia pembeni ya barabara, beseni zimejaa, mpaka tukasikia ule mulio wa chuma.

Mama alirudi kwa jembe. Hata alipokufa mugongo ulikataa kunyooka, tukamuzika hivyo.

Yule aliyeuza mabati amekufa. Wewe Komisere ungali hai, tunaonana kwa misa. Njoo usimame mu shamba letu, mbele ya wale mama waliobaki, ujibu: maji yalikuwa pale. Kwa nini uliyakataza?