Ndago ya Mchangani Kwenye Sindano ya Efrazia

Saa moja asubuhi, Lushoto haijaamua kama itaamka. Ukungu umelalia bati la chumba cha mimea mikavu. Ndani yake, Efrazia Shemweta, Mama Mika kwa wenzake wa kazini, anapitisha uzi kwenye nta ya nyuki, anafumba jicho moja, anatunga sindano.

Wanawake wengine wanashona nguo. Yeye anashona majani.

Kazi yake ni kushikiza mimea iliyokaushwa kwenye karatasi ngumu ili wataalamu waisome. Mwaka huu wa 1974 anatimiza miaka kumi na mmoja hapo, karatasi kumi na tano kwa siku, na kuja tu kazini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

"Nikishona jani la Upare, siku hiyo nipo Upare," anasema taratibu, macho yakiwa mbali. "Mpaka kengele ya chai inirudishe."

Mwezi uliopita vidole vyake viligoma. Mmea mmoja mwembamba, uliotoka kwenye mchanga mkavu wa tambarare chini ya jabali la Irente, ulikuwa umeandikwa nyasi. Efrazia akajaribu kuliviringisha shina lake kati ya vidole, kama la nyasi. Halikuviringika.

"Bwana Omari, hii ina kona tatu. Hii ndago."

Omari, mkusanyaji aliyeuchuma mwenyewe, akacheka. "Mama Mika, ndago nazijua, zimenimalizia jembe! Zinapenda majimaji. Pale mchangani hata mjusi anatembea kwa ncha za vidole."

"Haya, ishike basi."

Akaishika. Kicheko kikaishia hapo hapo.

Bwana Fanueli, mtaalamu wao, aliitazama kwa lenzi asubuhi nzima. Ndago kweli, ila haifanani na yoyote iliyomo kabatini. Kuitambua kunataka mbegu zilizokomaa, na Omari aliichuma ikiwa na maua tu. Ikarudi kabatini haina jina.

Na sasa Jumatatu ijayo trekta linafika huko chini. Kijiji kipya cha ujamaa kitalima ukanda ule wa mchanga, shamba la pamoja la mihogo. Efrazia hamlaumu mtu. "Watu na wale, washibe. Mimi naomba mbegu tu, kiganja kimoja."

Omari yuko msituni Shume mpaka mwisho wa mwezi. Efrazia akaomba aende yeye, mtu ambaye hajawahi kushuka mlimani. Alipokuwa mtoto alikuwa akichungulia kutoka jabali la Irente, akidhani ile tambarare ya bluu ni mbingu iliyoanguka.

"Mama Mika, huko kuna joto, na kukusanya si kazi yako," Bwana Fanueli alimwambia.

"Sawa, Bwana Fanueli. Lakini ninyi wenye kazi yenu mliiita nyasi."

Ruhusa ilitiwa sahihi kabla chai haijapoa.

Kesho Jumamosi atapanda basi la kushuka Mombo na mbao mbili za kubania, kamba, na magazeti ya kulazia mmea. Gazeti la leo, lenye habari hii, amelitengea ndago.

"Ila sitaichimba mara moja," anasema, sindano ikiwa imesimama hewani. "Nitakaa kwanza mchangani, niitazame. Miaka yote hii nimeshona maelfu ya mimea ya mbali, sijaona hata mmoja ukicheza na upepo kwao."