Kofia Iliyonirudisha Igamba

Nakumbuka siku niliyorudi kutoka ng'ambo. Safari yangu yote ilikuwa siku nne. Katika hizo nne, mbili nilikuwa njiani naenda, na moja na nusu nilikuwa njiani narudi, sasa hesabu mwenyewe nilikaa huko kiasi gani. Na hebu nikumalizie aibu yote mapema ili tuongee vizuri: mpaka wenyewe nilivuka hatua kama ishirini tu, nikaingia nyuma ya kichaka, nikakojoa, nikarudi upande huu. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya katika nchi ya watu.

Mwanangu, cheka tu, mimi mwenyewe nacheka. Nakuambia haya kwa sababu nimesikia na wewe unataka kwenda mbali, na umeshaanza kuangalia begi. Sikukatazi. Mimi nani nikukataze, mtu niliyeishia kichakani? Kaa hapa nikusimulie kwanza.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita kubwa imekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, labda ishirini, maana mama yangu alihesabu kwa misimu ya ulezi na mingine aliiruka. Shule nilikwenda mpaka darasa la tatu, nikaacha katikati, baada ya mwalimu kuniuliza mto Naili unaanzia wapi nikamjibu Itaka, kijiji cha jirani. Basi nikawa mkulima hapa Igamba. Baba alinikatia kipande cha shamba nikapanda miche arobaini ya kahawa, ya kwangu mwenyewe, na kila mche nikausimikia kivuli cha majani makavu ya mgomba. Kahawa ndiyo kwanza ilikuwa inashika huku kwetu, na kila kijana alitaka yake. Lakini kahawa haina haraka. Unaimwagilia, unaifunika, unaiambia maneno mazuri, na yenyewe inakuangalia tu miaka mitatu.

Sasa Jumapili moja tumetoka kanisani, tukasikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Yotamu, mtu wa Itaka, amekuja kumsalimia dada yake aliyeolewa hapa kwetu. Yotamu alikuwa amekaa miaka mingi kwenye migodi ya shaba, kule Rodesia ya Kaskazini. Mwanangu, ungemwona. Koti refu, viatu vinalia, gramafoni imefungwa nyuma ya baiskeli kwa kamba, na kichwani kofia ya pama, ya kijivu, ina utepe mwekundu. Akasema "mulishani" kwa kila mtu, salamu ya Kibemba hiyo, hata kwa mchungaji. Akaiweka gramafoni juu ya kinu kilichogeuzwa, akaizungusha mkono, sauti ya mwanamke ikatoka mle ndani akiimba. Bibi mmoja aliinama akaangalia chini ya kinu.

Mimi sikuiangalia gramafoni. Nilikuwa naiangalia kofia.

Kuanzia hapo usingizi ulinihama. Nikamwambia rafiki yangu Lameki, ambaye tulilima naye mpaka mmoja tangu tunapata akili, "Mimi naondoka na Yotamu." Akauliza, "Unakwenda kufanya nini?" Nikamjibu, "Kufanya maisha." Akasema, "Hapa unafanya nini?" Nikamwona mtu aliyechelewa.

Basi moto ukawaka. Nakuambia sijawahi kuwa mtu mkubwa kama wiki ile. Baba alijikuna kidevu tu. Mama alisaga ulezi wa njiani. Watu waliingia nyumbani kunipa mkono na kila mmoja aliagiza kitu. Mjomba alitaka blanketi zito. Mwingine alitaka viatu, akaniletea kijiti kilichokatwa urefu wa mguu wake. Nilivikubali vyote, na vile ambavyo hawakuviomba nikawaahidi mwenyewe. Mama peke yake hakuagiza. Nilipomlazimisha akasema, "Niletee sindano, mwanangu. Nyembamba, macho yangu yakiwa bado yanaiona."

Kwetu wakati ule, jembe la mtu anayesafiri mbali halikulala ndani. Msafiri mwenyewe alilitoa, akampa mtu wa kulilimia, ili isionekane amekufa. Na ukishalitoa umelitoa, hurudi kulidai. Wazee walikuwa wanampa mtu jembe bovu kwa heshima tu, lakini mimi, kwa sababu ya kujisikia, nikatoa jembe langu zuri, jipya, mbele ya watu wote, nikampa mjomba. Nikatoa kitanda. Nikatoa kuku. Ile miche arobaini nikampa Lameki. Alinitazama sana.

"Na ukirudi?"

"Lameki, mimi nikirudi nitakuwa mtu mwingine."

"Sawa. Huyo mtu mwingine nimwambie nini kuhusu kahawa?"

Mimi nilikuwa najifunza kutembea kama mtu mwenye viatu.

Tukaondoka na Yotamu alfajiri. Yeye anasukuma baiskeli yenye mizigo, mimi nimebeba gramafoni kichwani na sijawahi kubeba kitu kwa furaha vile. Siku mbili mpaka Tunduma. Njia nzima nilimwuliza habari za kofia, za nyimbo, za taa zinazowaka bila mafuta. Alinijibu vizuri tu, Yotamu hakuwa mtu wa kudanganya. Uongo niliusema mimi, nikijiambia mwenyewe.

Tunduma wakati huo ilikuwa ndogo. Maduka machache, askari, gogo la mpaka limelazwa barabarani, na ng'ambo ya gogo mahindi yaleyale kama ya kwetu. Hapo ndipo nilipovuka zile hatua ishirini, askari amegeukia uji wake. Nilirudi nimevimba kifua. Nikaingia dukani nikanunua sindano ya mama, nikiwaza nitaituma na mtu.

Tukakaa kusubiri lori la kusini. Maneno yangu yote yalikuwa yamekwisha njiani, na kwa sababu mimi siwezi kunyamaza, nikauliza tu la kupitisha muda.

"Kaka Yotamu, kule Jumanne mnafanyaje?"

"Jumanne?"

"Jumapili najua, mnavaa. Jumanne je?"

Akafikiri. "Jumanne nashuka chini ya ardhi jua halijatoka. Nikipanda, jua limeshazama. Jumatano hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilimwuliza mwenzangu kama mvua zimeshaanza. Na yeye hakujua."

"Sasa mbona unarudi?"

"Mke wangu yuko kule, na watoto watatu. Kwangu sasa ni kule, huku nakuja kutembea. Mimi najua ninachofuata." Akanigeukia. "Wewe unafuata nini, mdogo wangu?"

Mwanangu, nilifikiri pale kuliko siku zote za shule yangu. Nilitafuta kichwani, nikageuza kila kitu, na kila nilipogusa nilikuta kitu kimoja. Nikakitaja.

"Nataka kofia kama yako."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliivua ile kofia ya pama, akaipiga vumbi na kiganja, akanivalisha. Ilinikaa sawasawa.

"Haya, umeipata. Kingine?"

Nikatafuta kingine. Hakikuwepo. Lori likaja, watu wakaanza kurusha mizigo na kupanda. Na mimi nikapanda, mguu mmoja juu ya lori, mmoja chini, gramafoni mkononi. Ndipo kitu kikanijia ghafla kabisa: leo jua lilikuwa kali. Kama Lameki alikwenda sokoni, ule mstari wa juu, wenye miche midogo, nani ameufunika? Dereva akapiga honi. Yotamu akaninong'oneza, "Panda au shuka. Usiendee kofia mara mbili."

Nikampa gramafoni yake. Nikashuka.

Nilipaswa kuona aibu, lakini aibu ilinikuta mbele ya safari. Pale nilipata furaha ambayo sijui nikuelezeje. Nilikuwa kama mtu aliyetoka shimoni kabla hajashuka. Nilikimbia. Nilidandia lori la mahindi kipande kimoja, nikashushwa, nikakimbia tena, kofia nimeishika kwa mkono isiruke.

Igamba nikaingia mchana, watu wote wapo. Mwenye kile kijiti cha mguu ndiye aliyeniona kwanza, akauliza kama viatu vyake vimepatikana upesi hivyo. Walicheka mpaka mbuzi wakaondoka. Waliniita Bwana Siku Nne, na jina hilo, kama unavyojua, ndilo wazee wenzangu wananiitia mpaka leo. Mjomba hakunirudishia jembe. Alikuwa na haki, nililitoa mbele ya watu. Msimu mzima kila asubuhi nilikwenda mlangoni kwake.

"Mjomba, naomba jembe."

"La nani?"

"Lako, mjomba."

"Sema kwa sauti, shangazi zako hawajasikia."

Lakini mama hakucheka. Nilimpa ile sindano. Hakuniuliza kwa nini nimerudi. Alikaa mlangoni kwenye mwanga, akailamba ncha ya uzi, akautunga mara moja tu, akasema, "Bado naona." Katika watu wote walioagiza, ni yeye peke yake aliyepata mzigo wake.

Sasa mwanangu, maneno yangu ni haya. Usifikiri nakuambia ubaki. Lameki huyohuyo misimu michache baadaye alivuka mpaka, na hakukojoa akarudi. Alikwenda kujifunza uashi, kazi aliyoitaka tangu utoto, akajifunza, na nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma hapa Igamba ameijenga yeye. Yotamu naye aliishi kule vizuri, na alikuja mara mbili kuikagua kofia. Kwenda si kosa. Kosa langu lilikuwa kuaga watu kabla sijajiuliza. Kwa hiyo kabla hujatoa jembe lako, mtafute mtu aliyekwenda na umwulize habari za Jumanne. Jumapili za watu zote zinapendeza. Halafu jiulize unachofuata, na ukishakitaja, jiulize kama kinaweza kuvuliwa na kuvalishwa kichwani mwako palepale barabarani. Kikiwezekana, kipate upesi urudi kazini. Kama hakiwezekani, na bado kinakuita, basi nenda, nenda na moyo wote, wala mtu asikucheleweshe, hata mimi na midomo yangu. Na kama mama yako hajaagiza kitu, mlazimishe.

Mungu akupe miguu inayojua inakokwenda. Akikupeleka, akupe watu wa kukupokea. Akikurudisha, hata kwa siku nne, akukutanishe na mtu aliyekutunzia chako.

Maana mimi nilimkuta. Jioni ile, kelele zimepungua, nilikwenda shambani nikiwa nimejiandaa kukuta majani yamekauka. Lameki alikuwa ameinama mstari wa juu na debe la maji. Miche yote arobaini imesimama, yote imefunikwa, mingine kwa majani mabichi aliyoyakata siku hiyohiyo. Nikasimama nyuma yake. Aligeuka, akaitazama kofia muda mrefu, utepe wake, ukingo wake, akanyoosha mkono akaijaribu kichwani, akanirudishia.

"Kofia nzuri," akasema. "Itatufaa kwenye palizi. Leo vaa wewe, kesho nitavaa mimi. Shika debe."