Minara Miwili ya Makaa

Mwaka mvua zilipokataa Bagamoyo, wazee wa mji walinituma nipite mtaani kwetu nyumba kwa nyumba, niulize nani kaishiwa chakula, ili wajue wapi wagawe mchele wa akiba. Nilijua kusoma na kuandika, na jambo hilo lilinitia kiburi.

Nilipiga hodi, nikasalimu, nikauliza hali mbele ya majirani. Karibu kila mlango ulinijibu, "Alhamdulillahi, Mungu katuruzuku." Wangejibu nini kingine, mpumbavu mimi? Kwetu mtu hulala njaa, lakini haisemi barazani.

Ijumaa, baada ya sala, nilichora matokeo kwa makaa kwenye ukuta mweupe wa baraza la wazee. Kila nyumba niliipa alama moja, nikizipanga moja juu ya nyingine. Mnara wa shibe ulinipita kichwa. Ule wa njaa, wa wajane wachache walioshindwa kujibu hivyo, haukunifika goti.

"Kwa ufupi," nikasema kwa sauti ya msomi, "mtaa wetu haujambo."

"Basi mchele uende mitaa mingine," akasema mkubwa wao.

Nilibaki na makaa mkononi, nikiutazama mnara mrefu. Alama ya chini kabisa ilikuwa ya nyumba yangu, na niliichora bila kumuuliza mtu. Asubuhi ile wanangu walikunywa maji ya moto matupu, nami nikatoka mlangoni nikichokoa meno ili majirani wanione nimekula.