Mama Alivyovushwa Daraja Mara Mbili

Daraja la mto Malaba lilikuwa la vyuma vilivyopishana pembe pembe, kutu imekila chuma hadi ukishika unaondoka na kiganja chekundu. Shule niliiona kidogo, lakini hata mimi nilijua chuma kisichopakwa rangi kinakufa. Basi miaka ile ya utawala wa wanajeshi, lori likifika, abiria wote chini, livuke tupu, watu wafuate kwa miguu. Na amri ilikuwa moja: hakuna kusimama juu ya daraja. Mtu wa Tiira alisimama kufunga kamba ya kiatu, askari wakamchukua, hakurudi. Kiatu chenyewe kilikuwa kizuri, na wakati ule kupata kiatu... acha nisipotee.

Nilikuwa nampeleka mama hospitali Tororo. Miguu imemvimba, akitembea kidogo lazima asimame avute pumzi. Lori lilitushusha kwenye kona, nyuma ya nyasi ndefu, likatangulia. Askari walikuwa ng'ambo.

"Hafiki," nikawaambia wenzangu.

Muuza samaki mmoja wa Majanji akavua leso yake. "Mama, utakufa kidogo tu, maiti hata askari wanaiheshimu. Ng'ambo utafufuka."

"Leso hii inanuka samaki," mama akasema. "Maiti gani ananuka hivi?"

Kwetu kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Lakini lori lisingetungoja siku nzima. Akalala kwenye mkeka, tukamfunika uso, wanaume tukambeba, wanawake nyuma wanalia. Siku hizo hakuna aliyehitaji kujifinya ili alie. Katikati mikono ikachoka, tukamtua. Askari akaja na bunduki yake.

"Nani huyo?"

"Mama yangu, afande."

Akavua kofia. "Pole. Nyinyi pumzika, halafu kwenda."

Ndani ya lori mama akafunua jicho. "Huyu wa samaki amelia vizuri. Wewe sijakusikia."

Muuza samaki akamwachia ile leso.

Hospitali ilikuwa na vitanda, dawa hapana. Siku chache tu, akafa. Nikamrudisha na wabebaji wengine kwa njia ile ile, na askari alikuwa yule yule. Alinitazama muda mrefu.

"Wewe una mama wangapi?"

Akafunua leso, akamgusa paji la uso, akaacha mkono pale kidogo. Akamfunika mwenyewe.

"Pita. Ukichoka, pumzika."

Tulichoka, lakini hatukumtua mpaka tulipofika kwenye udongo.