Shaba ya Mkanda wa Baba

Juzi sokoni Malukhu nilimwona mchuuzi akimsugua binti mmoja meno kwa unga mweusi, watu wamemzunguka wakishangilia. Hasira ilinipanda. Harufu ya ndimu ikanirudia puani.

Tuliishi kambini Jinja. Alasiri moja baba, mwanajeshi, alikaa mlangoni akisugua shaba ya mkanda wake kwa kitambaa chenye vumbi la tofali na ndimu. Nilicheka kitu, akayaona meno yangu. Yalikuwa na madoa ya kahawia tangu yalipoota.

"Uchafu gani huu kwa nyumba ya askari? Kuja hapa!"

Alinishika kidevu, akachovya kitambaa kile kile katika vumbi lile, akanisugua. Vumbi lilikwaruza hadi nikalisikia ndani ya masikio. Fizi zilichoma, nikalia.

"Vumilia. Ikiuma, ujue uchafu inatoka."

Nilimwamini. Hata damu niliyotema niliiona ni uchafu. Tangu siku hiyo, kila alipomaliza mkanda, ilikuwa zamu yangu.

Nilipokuwa mtu mzima, daktari wa meno aliniambia madoa yale yalikuwa ndani ya jino lenyewe, yameletwa na maji ya kisima niliyokunywa nikiwa mdogo. Baba hakuondoa doa hata moja. Aliondoa ganda gumu la jino, nalo halioti tena. Leo hata maji ya mtungi yananichoma.

Na bado hasira hunipanda zaidi nikikumbuka nilichofanya alipomaliza alasiri ile. Nilijifuta damu, nikasimama wima, nikampigia saluti.

"Asante, afande."